Alama Mbili Chini ya Mstari

Nisikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana pumzi iliyobaki ni ya kuhesabu. Binti yangu, sogea karibu. Kaka yako aketi hapo miguuni.

Miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa udahili wa shahada za uzamili pale chuo kikuu. Kila mwaka maombi mia tisa, nafasi arobaini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa akichora mstari mwekundu kwenye orodha ya alama za mtihani, kisha ananiambia, "Walio chini ya hapa usituletee, mama, hatuna muda." Nami nikawa nafunga mafaili yao kwa kamba na kuyasukuma kwenye kabati la chini, barua za walimu wao hazijafunguliwa, kazi zao hazijasomwa na mtu.

Mwaka ulioomba wewe, binti yangu, ulipungukiwa alama mbili. Mtihani ule uliufanya ukiwa na homa, siku tatu baada ya kumzika baba yenu, na mimi nilijua. Nikalifunga faili lako kama mengine, nikajiambia huo ndio uaminifu. Wiki hiyohiyo mwenyekiti akainama mezani kwangu, akauliza polepole kama shemeji yake yumo. Yumo, alama kumi na moja chini ya mstari. Nikalitoa faili lake, nikampa. Leo huyo shemeji anafundisha palepale, na mstari anauchora yeye.

Uliniuliza, "Mama, walisoma hata ukurasa mmoja?" Nikakujibu, "Walisoma, wakaona hujafikia." Nilikudanganya. Hakuna aliyesoma. Miaka kumi na minne umejiona mjinga kwa neno langu, ukauacha utafiti wako wa maji ya visima, na uchungu ninaokwenda nao si wa mwenyekiti peke yake.

Nyumba ni yenu wawili. Chumba cha mbele kiwe cha dada yako kusomea, na wewe usimbishie. Barua ya mwalimu wako niliiiba, binti yangu. Imo kwenye sanduku la cherehani, haijafunguliwa. Ifungue mwenyewe. Mwenyekiti akija mazikoni apewe kiti kama wageni wengine, ila asisimame kunisifu.

Maji... kidogo tu. Inatosha.

Usinisamehe kwa kuwa ninakufa. Fikiri kwanza, hata mwaka. Mungu awape afya... awape kupendana, na watoto wenu... wasiogope kuwauliza. Shika mkono huu, ule una sindano. Hivyo... hivyo, mwanangu.