Bi. Chausiku binti Kibwana, Aliyeufanya Mtungi Uitike

Tumemleta Bi. Chausiku binti Kibwana kumhifadhi. Kabla hajasaliwa, jamaa wameona yasomwe machache juu ya maisha yake. Ni machache kwa sababu mengi aliyasema mwenyewe alipokuwa hai, na aliyekaa naye barazani anayajua.

Alizaliwa Kaole mwezi wa Novemba mwaka 1920, katika mfungo sita, usiku, ndiyo maana akaitwa Chausiku. Baba yake alikuwa Kibwana bin Bwanausi, mkulima wa minazi. Mama yake, Mize binti Mikidadi, alikuwa msusi wa mikeka, naye ndiye aliyemfundisha kazi hiyo angali mdogo, hata akawa anaweza kusuka ukili huku anatazama pengine.

Alisoma chuo cha Kur'ani hapo hapo Kaole na akahitimu mwaka 1932. Shule ya serikali hakwenda. Chuoni alipendwa, ila alichosha. Siku moja alimuuliza maalimu wake kwa nini akiita kisimani sauti yake inarudi mara mbili. Maalimu akamjibu, "Kwa sababu huko chini hakuna mwalimu wa kuinyamazisha. Soma." Akasoma. Jioni akarudi kisimani.

Aliolewa na Mzee Msabaha bin Mwinjuma, mwashi wa chokaa, tarehe 14 Mei 1938, wakahamia Bagamoyo mjini, mtaa wa Dunda. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu. Yeye alisuka mikeka, mumewe alijenga na kupaka nyumba za watu. Mzee Msabaha si msemaji. Wakitoka pamoja, mume alitangulia na mke alifuata nyuma, kama ilivyo desturi yetu, na mazungumzo yote yalitoka nyuma.

Mwaka 1966 redio yao ilinyamaza. Marehemu hakungoja fundi, aliifungua kwa kisu cha jikoni. Alipogusa ndani kwa kidole cha mkono huu na kidole cha mkono ule, redio ikapiga ukelele. Akaacha, ikanyamaza. Akagusa tena. Mumewe alirudi kazini akamkuta yuko vile vile, chakula hakijapikwa.

"Baba Mwinjuma," akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "njoo usikie. Inapita mwilini mwangu."

"Nini kinachopita?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

Tangu siku ile alikuwa akienda kibandani kwa Muhidini, fundi redio wa sokoni, na mkeka wake mkononi, akikaa hapo anasuka na kuuliza. Muhidini alikuwa akisema, "Mama Mwinjuma, wewe ukiwa hapa sitengenezi redio, natengenezwa mimi." Lakini alimpa redio mbovu na nyaya za shaba, akamwonyesha kila alilotaka kuonyeshwa.

Hivyo ndivyo alivyofanya kitu chake. Alisuka mikeka miwili, na katikati ya ukili akapitisha uzi wa shaba, mwembamba kiasi kwamba mguu hauusikii. Redio, na mawe yake ya betri ndani, aliificha katika mtungi mkavu. Mtu mmoja anasimama pekupeku mkeka huu, wa pili mkeka ule. Mtungi haulii. Wakishikana mikono, unalia. Wakiachana, unanyamaza. Na haumlilii kila mtu sauti moja: kiganja kikavu hutoa sauti nzito, kiganja chenye jasho hutoa nyembamba. Nyumbani alijaribu na binti zake, na wajukuu, na mumewe. Mzee Msabaha, kwa mikono yake iliyokaushwa na chokaa, mtungi ulimlilia kama ng'ombe aliyeshiba. Marehemu akacheka siku nzima.

Mwaka 1972 ghala moja la zamani la mbata, hapa mjini, lilifanywa ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Msimamizi wake, Bwana Haji, alisikia habari za mtungi akaja kuuomba. Marehemu alikubali kwa sababu moja tu. Sauti za nyumbani alikwisha kuzisikia zote. Alitaka kusikia sauti za watu asiowajua.

Bwana Haji alisema naye wazi. "Mama, siku ya kufungua wageni ni wengi. Kisipolia siku hiyo, Jumatatu natoa, naweka vinyago."

"Kitalia."

Ilikuwa Jumamosi tarehe 8 Julai 1972, siku ya pili ya Sabasaba. Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi, bwana mmoja kutoka mkoani, alivua viatu kwa adabu, akapanda mkeka wa kushoto. Marehemu alikuwa juu ya mkeka wa kulia. Bwana yule akanyoosha mkono. Naye marehemu, kama anavyofanya mwanamke yeyote wa hapa akipewa mkono na mwanamume asiye wake, alizungushia kiganja chake pindo la buibui, ndipo akampa.

Mtungi kimya.

Mtu nyuma akasema, "Umekufa kiu huo!" Watu wakacheka. Muhidini akapiga magoti, akatazama mawe, akatazama nyaya, kila kitu kizima. Bwana Haji akaanza kufuta jasho. Marehemu aliutazama mkono wake.

"Nguo," akasema. "Nguo imeziba njia."

"Basi iondoe, mama," akasema mgeni rasmi. "Mimi ni kama mwanao."

"Kama mwanangu si mwanangu. Nguo siiondoi."

Wakasema aitwe mwanamke. Akaitwa Bi. Zuleha, shoga yake wa tangu Kaole. Bi. Zuleha alikuwa amekwisha kuona mawe na nyaya. Akarudi nyuma hadi ukutani. "Umeme huo, shoga! Mimi nina wajukuu wa kulea." Wanawake wengine wakafuata ukutani.

Marehemu akatazama mlangoni. Mzee Msabaha alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi, karibu na pa kutokea.

"Baba Mwinjuma, njoo."

"Hapa?"

"Hapa."

"Mbele za watu?"

"Watu si ndio waliokuja kusikia?"

Katika miaka yao yote hakuna aliyewahi kumwona Mzee Msabaha amemshika mkewe mkono njiani. Ndivyo walivyolelewa. Angeweza kutoka, na mlango ulikuwa wazi. Lakini alijua mikeka ile imesukwa kwa muda gani, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Alivua makubadhi, akapanda mkeka, akampa mkono. Marehemu aliufunua wake.

Mtungi ukalia. Lakini haukulia kama ng'ombe. Ulitoa kijisauti chembamba, na kadiri watu walivyomtazama mzee, ndivyo kilivyopanda, kama birika linalotaka kuchemka. Muhidini akapaza sauti, "Poa basi, Mzee Msabaha!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mtungi ukazidi kupanda.

"Msimcheke," akasema marehemu, naye machozi ya kucheka yanamtoka. "Ana haya. Haya yake ndiyo hiyo mnayoisikia."

Hapo Mzee Msabaha naye akacheka. Mtungi ukashuka kidogo kidogo, ukatua.

Baada yao watu waligombea mikeka, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Bi. Zuleha alikuja wa tatu, akakataa kushuka. Vinyago vya Bwana Haji vilingoja hadi Septemba. Walikuja watu wa Zinga na Kerege, na mume na mke wakapanda pamoja, jambo ambalo halikuwa likionekana mjini. Wako waliosema mle ndani mna jini. Sheikh mmoja alikwenda kuangalia, akashikana mkono na ndugu yake, akasikia, akasema, "Jini hahitaji mawe ya redio." Maneno yakaisha.

Marehemu alikaa pembeni siku zote hizo, anasuka na kusikiliza. Alitaka kujua kama watu wawili wana sauti yao moja. Alikuta hawana. Wale wale wakirudi kesho, inakuwa nyingine. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko sifa zote alizopewa.

Mwezi wa Machi mwaka huu, 1977, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alitibiwa nyumbani, kisha akalazwa hospitali tarehe 29 Oktoba kwa maradhi ya moyo. Wauguzi walimtunza vizuri, na familia inawashukuru. Jumatano iliyopita muuguzi alikuja na mpira wa kusikilizia kifua. Marehemu akamuuliza anasikia nini. Muuguzi akasema, "Bibi, mgonjwa hasikilizi, anasikilizwa."

"Basi leo tupokezane."

Binti wa watu akacheka, akamvalisha masikioni. Marehemu alifumba macho, akasikiliza moyo wake muda mrefu. "Kumbe haujapata mwendo mmoja," akasema. "Unakwenda, unafikiri, unakwenda." Kisha akauvua mpira, akampa mumewe.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Eleza."

Mzee Msabaha akamweleza. Alisema maneno mengi kuliko kawaida yake, na marehemu hakumkatiza.

Alifariki Alhamisi tarehe 10 Novemba 1977, alasiri.

Ameacha mume, watoto, Mwinjuma, Ashatu na Sihaba, wajukuu, na vitukuu wawili. Ameacha pia ndugu yake, Bi. Mwanajuma wa Kaole. Kama yuko aliyemkosea, familia imemsamehe kwa niaba yake. Na aliyeshtushwa na kelele zake, au aliyechoshwa na maswali yake, tunaomba naye amsamehe.

Mwenyezi Mungu ampanulie kaburi, amthibitishe kwa kauli thabiti atakapoulizwa, na yale aliyokuwa bado anayauliza, amfunulie. Amin.