Chencho Buitimea, Mrushaji Aliyenyamaza Mbele ya Kanisa

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogeeni karibu. Chencho Buitimea ametutoka. Crescencio Buitimea, mwana wa Tesiabampo, mrushaji wa besiboli wa mkono wa kushoto, amefariki Jumanne asubuhi nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Moyo ulimchoka. Mkono haukuwahi kumchoka.

Magazeti ya mji mkuu yameandika kwamba alichelewa kuanza. Hakuchelewa. Alikuwa na deni la nadhiri, na wao hawalijui. Sisi tunalijua.

Alipokuwa mtoto mchanga, homa ilimshika hata ndugu wakaanza kushona sanda. Mama yake, Bi Eduviges, akapiga magoti akaweka nadhiri: mtoto akipona, akishakuwa mwanamume atatumikia Kwaresima tatu katika kundi la Mafarisayo, wale wavaa vinyago wa ibada zetu za Kwaresima. Mtoto akapona. Mtoto akakua. Mtoto akaanza kurusha mpira wa besiboli kwa namna ambayo wapigaji wa bonde zima la Mto Mayo walibaki kuupiga upepo.

Alipofika miaka ishirini na miwili, klabu kubwa ya mji mkuu ikamwita. Mazoezi yanaanza Machi. Na Machi, wasikilizaji wapendwa, ni Kwaresima. Bi Eduviges alikuwa amekwisha kufa. Nadhiri ilikuwa bado.

Kaka yake, Mzee Librado, ametusimulia. "Nilimwambia, wewe bwege kweli? Aliyeahidi ni mama, si wewe. Alikuwa anakunja tortilla yake ya maharage, hata hakuniangalia. Akasema, 'Ndiyo. Lakini aliyepona ni mimi.' Nikamwambia basi utumikie ukizeeka. Akasema, 'Nikizeeka nitakuwa na kisingizio kingine. Nipe chumvi.'"

Klabu haikukata tamaa upesi. Ijumaa moja ikamtuma Bwana Olguín, msaka vipaji wake, aje amchukue kwa gari. Akawakuta Mafarisayo wamejipanga mbele ya kanisa, jua la saa saba limewakalia utosini. Vinyago vya ngozi ya mbuzi, masikio marefu, njuga za vifukofuko vikavu vya viwavi miguuni, panga za mbao mkononi. Mnaijua sheria. Kinyago kikiwa usoni, msalaba wa rozari unakaa mdomoni, na mtu hasemi. Hasemi na mkewe, hasemi na padri.

"Buitimea ni yupi hapa?" Olguín akauliza.



Amparo, mchumba wake Chencho, alikuwa pembeni akiuza maji ya tikiti. "Unamaliza mate bure, bwana. Hao hawasemi."

"Hata kwa mkataba?"

"Hata nyumba zao zikiungua."

Olguín akapita mbele ya ule mstari, kinyago kwa kinyago. "Buitimea, kama upo, sikiliza. Vua hilo libuzi, panda gari, twende. Ukikaa kimya nitajua umekataa, na sitarudi tena huku kwenye vumbi."

Chencho alikuwa wa tatu. Kupitia matundu ya kinyago aliviona viatu vya Olguín vikisimama mbele yake. Aliuma ule msalaba hata ufizi ukatoa damu. Mkono wa kushoto, ambao ndio ulikuwa mali yake yote duniani, ulishika upanga wa mbao. Kuinua kinyago ni kazi ya kufumba na kufumbua. Viatu vikasogea, vikaenda. Hakukiinua. Gari likawashwa, likaondoka.

Hivyo ndivyo nafasi yake ilivyopotea. Narudia, kwa vijana mnaosikiliza: hakuipoteza kwa ulevi, hakuipoteza kwa uvivu. Aliipoteza amesimama wima.

Akatumikia Kwaresima ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baina ya Kwaresima hizo alivuna dengu, na Jumapili alirusha mpira kwenye viwanja vya vumbi. Wenzake shambani walimchokoza: "Staa, mji mkuu wamekusahau?" Naye alikuwa akijibu: "Njoo Jumapili ushike gongo, nikukumbushe."

Jumamosi Kuu ya mwaka wa tatu, vinyago vikachomwa moto kama kawaida yetu. Jumatatu Chencho akapanda basi. Hakuna aliyemwita. Akaingia uwanjani na begi lake begani, na wa kwanza kumwona alikuwa Olguín.

"Wewe si ndiye uliyeninyamazia mbele ya kanisa?"

"Nilikuwa kazini, bwana."

"Na sasa?"

"Sasa nimemaliza."

Wakamweka mbele ya Macario, mpigaji wao hatari kuliko wote. "Rusha taratibu, Farisayo," Macario akamwambia, "nisije nikakuvunja hilo pua." Mpira wa kwanza ukaruka nje ya ukuta. Uwanja mzima ukacheka. Wa pili ukagonga ukuta.

"Umetosheka?" Olguín akauliza.

"Nimekaa kwenye basi siku mbili. Nipe mwingine."

Wa tatu ulikuja kama wa kwanza, kisha ukazama magotini pa Macario, gongo likakata hewa. Na uliofuata. Na uliofuata. Mwishowe Macario akatupa gongo chini. "Mpeni shati huyu," akasema. "Nimechoka kumwangalia."

Misimu kumi na minne, wasikilizaji wapendwa. Alirusha misimu kumi na minne katika klabu ileile, na kila mwisho wa msimu alirudi hapa Tesiabampo.

Jana nilimuuliza mjane wake, Bi Amparo, kama mumewe aliwahi kuijutia ile miaka. Akanitazama kama mtu aliyechoshwa na swali hilo. "Alijuta kila Machi," akasema. "Alipoacha mpira alikuwa anakaa kwenye kiti hapo nje, anahesabu mechi ambazo angecheza miaka ile. Halafu anainuka anakwenda kukimbia. Lakini hakuniambia hata siku moja kwamba angeinua kile kinyago."

Kwa Bi Amparo, kwa Mzee Librado, kwa watoto na wajukuu: msiba huu ni wetu sote wa mtoni. Mungu awape nguvu. Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo ni neno gani ulilopewa ulibebe, na umelifikisha wapi.

Mazishi ni kesho saa nne asubuhi. Viongozi wa ligi walikwenda nyumbani kuomba mechi ya Jumapili iahirishwe kwa heshima yake. Bi Amparo amekataa. "Ichezwe," amewaambia. "Yeye alishakosa mechi za kutosha."