Nakolong Ekitela, Aliyezipanga Simu Zetu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Bi. Nakolong Ekitela anastaafu baada ya kuhudumia mifugo na wafugaji wa Isiolo kwa miaka thelathini na miwili.

Alianza kazi Rapsu akiwa mchanjaji, akitembea boma hadi boma na sanduku la chanjo begani. Serikali za kaunti zilipoanza, alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa maafisa wa nyanjani. Ana sauti kubwa, hapendi chai iliyopoa, na wafugaji wanaomwogopa ndio hao hao humpigia simu kwanza wakipata shida.

Wengi wetu, hata hivyo, tutamkumbuka kwa jambo la simu. Tulipopewa simu za kisasa ili tutume habari za magonjwa, tulizijaza michezo, nyimbo na programu za kutabiri mechi. Kisha mbuzi wakaanza kufa Burat. Afisa wetu Mahat alipiga picha, lakini simu ilikataa kuzihifadhi kwa sababu ilikuwa imejaa. Chanjo ilichelewa, na familia kadhaa zikabaki na maboma matupu.

Bi. Nakolong alikusanya simu zote. Alifuta alichoona hakina kazi, kisha akaweka ramani, hali ya hewa na programu ya kuripoti magonjwa kwenye ukurasa wa kwanza.

"Simu ya kazi ni kama sanduku la chanjo," alituambia. "Hakuna anayeweka viatu humo."

Simu zikawa nyepesi, nasi tukamsifu. Lakini asubuhi iliyofuata Farhiya, afisa wetu wa Sericho, aliingia ofisini akilia. Programu ya kurekodi sauti ilikuwa imefutwa, na pamoja nayo dua ambayo marehemu baba yake alimsomea wakati Farhiya alipokuwa mgonjwa.

"Haikuwa takataka, mama," alisema.

Bi. Nakolong hakujitetea. Jumamosi hiyo alisafiri na Farhiya hadi Sericho, kwa mzee Hashi, ndugu wa marehemu, ambaye aliwahi kutumiwa dua ile. Mzee hakuwa amefuta ujumbe hata mmoja tangu anunue simu. Wanawake hao wawili waliketi mkekani wakasikiliza salamu, habari za ngamia waliopotea, harusi na vikohozi, hadi jua likapoa. Hatimaye sauti ya baba ikatoka. Farhiya alijifunika uso kwa mtandio. Bi. Nakolong alimshika mkono.

Tangu siku hiyo hakufuta kitu cha mtu bila kuketi naye na kumwuliza, "Hii inakusaidia nini?" Kilichogusa moyo kilihamishiwa kwanza mahali salama, kilichobaki bila mtetezi kiliondoka. Mwaka jana ugonjwa ulipozuka tena, ripoti ya Mahat ilifika siku ile ile na wachanjaji wakawahi. Maafisa wapya sasa hufundishwa hivyo, na mwalimu wao ni Farhiya.

Bi. Nakolong, asante kwa ukali wako na kwa safari ile ya Sericho ambayo hakuna aliyekutuma. Shamba lako la Burat likuzalie, mvua ikukute salama, na Mungu akuzidishie miaka yenye afya na vicheko. Wenzako tunakutakia maisha mema, mama yetu.