Bi Tamima Nasser, Dirisha Lake na Ndege ya Matemwe

"Bibi, na kama wao ndio wakweli, utafanya nini?"

Suali hilo marehemu Bi Tamima binti Nasser aliulizwa na mjukuu wake Khairat mwaka 2016, mtoto ana miaka saba, wote wawili wamechomoza vichwa dirishani, ghorofa ya pili, Malindi ya Unguja mjini. Chini barazani Mzee Yussuf na wenzake walikuwa wakipiga kelele.  Bibi alimpa mtoto kamba ya kikapu anachokishusha chini, akasema, "Nishikie hapa."

Bi Tamima alizaliwa hapo hapo Malindi, tarehe 14 Machi 1943, vita vikuu vinaendelea. Mama yake akisimulia kwamba saa ya uchungu ndege ilipita chini chini juu ya mapaa, mkunga akaingia mvunguni, na mtoto akatoka bila ya kumngoja. "Na hakungoja mtu tena," ndivyo alivyokuwa akimalizia.

Alisoma Kurani chuoni Malindi, kisha skuli ya wasichana ya mjini. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alimletea kutoka mnadani pakiti ya kadi zilizobaki za wakati wa vita. Kila kadi ina kivuli cheusi cha ndege. Askari wa doria walijifunzia humo kuitambua ya rafiki na ya adui. Wenzake wakicheza nage, yeye akizipanga sakafuni. Alizitunza hadi uzeeni, isipokuwa moja iliyoliwa na mbuzi wa jirani, na mbuzi yule hakumsamehe.

Alifundisha jiografia Mkokotoni kuanzia mwaka 1965, baadaye mjini, hadi alipostaafu 2001. Wanafunzi wake, wengine wamo humu hitimani leo, hawajasahau kauli yake: "Usinambie unadhani. Nambie umeona nini."

Mwaka 1968 aliolewa na Bwana Ayoub Abdulla, karani wa bandarini, mtu aliyeogopa kuruka kuliko kuzama. Wakienda Pemba, bwana hupanda meli na bibi hupanda ndege, na bwana akiteremka bandari ya Mkoani humkuta mkewe kashafika, kashika chupa ya chai. "Umechelewa, bwana," ndiyo salamu. Waliishi hivyo, kwa mapenzi na mzaha, mpaka Bwana Ayoub alipofariki mwaka 2009.

Mwaka 2014 Mzee Duni, mwenziwe Yussuf, alileta barazani picha kutoka kijiji cha Matemwe: bati nene lililoezekewa banda la kuku la Bi Saadiya wa huko. Wenyeji walisema ni la ndege iliyoanguka baharini wakati wa vita. Mzee Yussuf akasema ni Catalina, ile inayotua majini. Bi Tamima, juu dirishani, akasema ni Blenheim, ya magurudumu, na lile tuta la katikati ya bati ndilo uti wa mgongo wake. Basi ikawa ndiyo kazi ya kila siku baada ya Alasiri. Vitabu na picha zake zikishuka kwa kikapu kile kile cha kununulia mkate.

"Mwalimu, teremsha ushahidi, maneno tushashiba!"

"Unakuja huo, we Yussuf! Usiutafune ukadhani mkate wa mofa!"

"Si utuachie ushindi tu, tupumzike?"

"Mtapumzika makaburini Mwanakwerekwe!"

Kisukari kilianza kumchukua macho mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 moyo nao ukadhoofika. Daktari alikataza safari ndefu. Watoto wakakataza pia. Januari 2024 alivaa buibui asubuhi, akaketi mlangoni. "Haya macho yanafunga duka," alisema. "Miaka kumi nabishana na picha. Nnakwenda kulishika hilo bati, atakayenipeleka anipeleke."

Binti yake Fathiya na Khairat wakampeleka. Bi Saadiya akatoa kuku wake. Bi Tamima akapitisha kiganja juu ya lile tuta, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Palikuwa na ukanda wa chuma mnene, umekwaruzika wote.  Kisha akasema, "Ligeuzeni."

Lilipogeuzwa lilikaa mchangani kama chombo kilichopwelewa.

"Mgongo hauvai kiatu cha chuma," alisema. "Huu ni mkuku, uti wa chini wa chombo cha majini. Waliligeuza kuezekea kuku, mimi nikaliita tumbo mgongo."

 Alipofika nyumbani aliingia chumbani, na dirisha lake, ambalo Malindi nzima inalijua, likabaki limefungwa.

Bi Tamima alifariki nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2024, kabla ya Adhuhuri, akazikwa jioni yake Mwanakwerekwe, akiwatangulia wote aliokuwa akiwatania. Ameacha watoto watatu, Mundhir, Fathiya na Zeyana, wajukuu, mdogo wake Bi Ghaliya, na baraza moja ambayo haijui itazame wapi. Mola ampokee kwa rehema, aliangaze kaburi lake, na atukutanishe naye peponi. Amin.

Limebaki lile suali. Jioni ile ya kutoka Matemwe, Mzee Yussuf na Mzee Duni walikaa chini wakitazama juu, wala hapana aliyethubutu kuita. Chumbani, Bi Tamima akamwita mjukuu wake.

"Khairat."

"Naam, Bibi."

"Uliniuliza zamani, na kama wao ndio wakweli. Bado unataka jibu?"

"Nataka."

Akainuka, akashika ukuta mpaka dirishani, akazisukuma mbao zote mbili.

"Yussuf! Ni Catalina. Nilikosea mimi."

Chini Mzee Yussuf akavua kofia.

"Mbona kimya? Ndege tushaijua. Sasa nambieni waliokuwemo ni nani, maana nao walikuwa na mama zao. Kikapu nakishusha kitupu. Kijazeni nyinyi."