Kambale Lusenge Ananie, Mtoto wa Pili wa Mzee Kasika

Wapendwa wa kanisa, jamaa na majirani, tumefika kumsindikiza Papa Kambale Lusenge Ananie. Karatasi ya tribunal, mahakama yetu, inasema alizaliwa Kipese, katika vilima vya Lubero, tarehe 14 Julai 1952. Yeye mwenyewe hakuiamini tarehe hiyo hata siku moja. Alisema ile kumi na nne ilitoka kichwani mwa karani, na Julai ilitoka kinywani mwa shangazi yake, aliyekumbuka tu kwamba maharagwe yalikuwa yanakauka uani. Baba yake alikuwa Mzee Kasika, mkulima wa ngano na viazi. Mama yake alikuwa Mama Victoire. Shaka yote ya maisha yake ilianzia kwenye kuzaliwa huko, na ikamfikia hata binti yake Nadège, ambaye ndiye ameandika maneno haya.

Mwaka 1959 aliingia shule ya msingi ya misheni. Alijua kusoma haraka, na kuhesabu haraka zaidi. Siku moja mwalimu aliuliza nani ni mtoto wa kwanza kwao, Ananie akainua mkono. Darasa lote likacheka. Kwetu jina hufuata zamu: mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale. "Weye Kambale, unakuwa wa kwanza namna gani?" wenzake wakamuuliza. "Mumbere wenu iko wapi?" Alirudi nyumbani akamuuliza mama yake swali lilelile. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Aliacha ungo chini, akatoka, akakaa nyuma ya nyumba mpaka giza likaingia. Baba naye akamkataza kuuliza tena. Jamani, mtoto akikatazwa hivyo atafikiri nini? Alifikiri kaka yake yuko hai, amefichwa mahali, na siku moja atatokea kuchukua shamba la baba yao. Hakuna aliyemtoa katika wazo hilo, maana hakumwambia mtu.

Alianza biashara mwaka 1970, akishusha viazi na poireaux, vile vitunguu vya majani, kutoka Kipese hadi Butembo. Baadaye alifungua dépôt, ghala ya maharagwe, hapa mjini, na msimu wa kakao alikuwa anateremka Beni. Wauzaji wa Beni walimfahamu. Alikuwa anaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, anatoa punje za chini kabisa, anauma moja, anamtazama mwenye mali usoni, ndipo anasema bei. Waliokuwa na kakao mbichi walimwona kwa mbali wakafunga magunia yao. Hakumwibia mtu, na kwa sababu hiyo alishangaa sana kwamba wengine walikuwa tayari kumwibia yeye.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Mama Berthe hapa Butembo. Ibada ilipokwisha, watu wakiimba na kupiga vigelegele, bwana arusi alimsimamisha pasta mlangoni, akaomba aoneshwe kwamba ndoa imeandikwa kweli. Mama Berthe alisimama jua kali akingoja. Anasema hapo ndipo alipojua amepata mume wa aina gani, na kwamba walau huyu hatasahau kufunga mlango. Mungu aliwapa watoto watatu: Ariel, Nadège na Rébecca.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilinong'ona pembeni. Mwaka 1988, kwenye soko la Kayna, Papa alikutana na mfanyabiashara wa vitunguu aitwaye Mumbere Mathe, mtu wa kicheko, mwenye paji la uso pana kama la Mzee Kasika. Walisalimiana vizuri. Mathe akasema kwa furaha, "Miye pia nilizaliwaka kwenu Kipese! Mama alinileta huku nikiwa mugongoni." Papa aliacha vitunguu alivyokwisha kuchagua, akapanda gari, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena soko la Kayna. Moyoni alisema: huyu ndiye.

Mwaka 2019 Nadège alileta nyumbani kijana aliyemfahamu Beni, mnunuzi wa kakao, mpole, anayeomba Mungu. Jina lake Zorobabel. Alikuja na baba zake wadogo wawili, na Mama Berthe alichinja kuku. Papa aliuliza, "Baba yako ni nani?" Kijana akajibu, "Ni Mumbere Mathe, wa Kayna." Papa akaweka kikombe mezani.

"Hapana," akasema. "Hii ndoa hapana."

"Papa, sababu ni nini?" Nadège aliuliza.

"Nimesema hapana. Mukule kuku."

Wageni walikula kuku, wakaaga. Tangu siku hiyo nyumba ile ilijaa mashaka ya kila namna. Nadège alishuku kwamba baba yake anatafuta mkwe tajiri. Alishuku kwamba mama anajua siri na anamsaidia mume wake kuificha. Zorobabel alipochelewa kupiga simu, alimshuku naye kuwa ana mwanamke Beni. Maskini ya Mungu, kijana hakuwa na mwanamke. Alikuwa na subira tu, na msichana anayeshuku kila kitu haoni subira. Nadège alimkasirikia baba yake sana, na hasemi leo kwamba hakukasirika.

Agosti 2023 Papa aliambiwa na wakili kwamba bila acte de naissance, cheti cha kuzaliwa, hatapata hati ya shamba la Kipese. Akamchukua Nadège, maana hakumwamini karani yeyote aandike bila mtu wa nyumbani kuchungulia, wakapanda vilima kwa moto mbili, pikipiki za kukodi. Kwenye bureau, ofisi ya serikali, walikuta kabati lenye kufuli na ndani yake hamna kitu cha miaka ile. "Mvua na vita, Mzee," karani alisema. Papa alikwenda mwenyewe kuangalia nyuma ya kabati. Kanisani kulikuwa na jina lake siku ya ubatizo, alipokuwa tayari kijana, na jina la baba yake, basi. Karani akaeleza: pasipo na maandishi, tribunal itakubali mashahidi, watu wakubwa kwa umri kuliko yeye, waliomwona akiwa mtoto mchanga.

Nani alikuwa bado hai? Mmoja tu: shangazi Syauswa, mkunga wa kilima kizima, aliyepita miaka tisini. Papa alikuwa hajamsalimia tangu ujana wake. Kwa hesabu yake, kama kaka yake alifichwa, aliyemficha ni yule aliyempokea. "Ule mama anajua kuficha," alisema njia nzima. Nadège hakuelewa kuficha nini.

Walimleta bureau amebebwa kwenye moto, amefunikwa blanketi. Karani alipouliza kama anamfahamu huyu Kambale, Papa alishindwa kujizuia.

"Kwanza aseme Mumbere iko wapi!" akafoka. "Mumemuficha maisha yangu yote!"

Shangazi alisogeza blanketi, akamtazama. "Kambale, ni ile tu ilikukataza kunisalimia?" akasema. "Mumbere alikufaka. Alizaliwa magaribi, asubuhi akaisha. Nilimuzika na hii mikono, nyuma ya nyumba, bila kilio, bila batu."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Mama yako alikataza. Alisema ukisikia jina yake sana, na weye utamufuata. Alikulinda. Lakini hata mutoto aliyekufa yuko na nafasi yake, hatuwezi kumupatia mwingine. Ndiyo maana weye ni Kambale."

Papa akauliza, kwa sauti ndogo sana ambayo Nadège alikuwa hajawahi kuisikia kwake, "Na Mathe, wa Kayna?"

"Mathe? Ule wa Mama Séphora, jirani yetu? Nilimupokea pia, mwaka mumoja kabla yako. Aka! Weye ulifikiri ni ndugu yako?"

Hapo ndipo Nadège alipojua kwa nini alikataliwa mume. Baba yake aliogopa kuozesha mtoto wa ndugu kwa mtoto wa ndugu, na aliona aibu kusema. Aliona bora binti yake amchukie. Nadège alilia palepale mbele ya karani, kwa hasira na kwa huruma pamoja, na karani akaendelea kuandika.

Mtafikiri Papa alirudi Butembo mtu mpya. Hapana. Alisema sasa anataka kuona acte ya Mathe pia. Vita ilipofika Kayna mwaka 2024, Mzee Mathe alikimbilia hapa na familia yake, akaja mwenyewe mlangoni. "Ndugu, acte gani?" akasema. "Nimekimbia na blanketi na bajukuu." Papa alimkagua uso wake wote, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alitoa maharagwe kwenye chumba cha nyuma cha dépôt, akaiweka familia hiyo humo. Mazungumzo ya mahari ya Nadège yakaanza. Lakini mbuzi wa Mathe walibaki Kayna, na mkimbizi atatoa wapi mbuzi? Ikabidi kungoja.

Machi 2025 Papa alishikwa na ugonjwa wa figo. Mama Berthe na watoto walimtunza hospitalini na nyumbani, na kila dawa alitaka kujua imetoka wapi. Wiki ya mwisho alimwambia Nadège, "Ku matanga batu banasemaka bongo, uongo mutupu. Uandike yangu, unisomee." Nadège akaandika, akamsomea kitandani. Alipofika kwenye maneno "mtoto wa kwanza" Papa akamkatiza: "Wa pili." Akafika kwenye orodha ya wafiwa.

"Mukwe iko wapi?" Papa akauliza.

"Papa, mbuzi hazijafika. Wazee watakataa."

"Nani amekuuliza mbuzi? Andika mukwe wangu."

"Bila shahidi?"

"Miye ni shahidi. Andika."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, alfajiri, Mama Berthe akiwa amemshika mkono.

Alitanguliwa na wazazi wake, na kaka yake Mumbere, ambaye leo anatajwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Ameacha mjane, Mama Berthe. Shangazi, Mama Syauswa. Watoto, Ariel, Nadège na Rébecca. Na mkwe mmoja, Zorobabel Mathe. Wazee wetu mliokaa hapo mbele, mkiwa na neno kuhusu jina hilo la mwisho, mwambieni aliye ndani ya sanduku. Yeye ndiye aliyeamuru.

Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.