Ndama wa Kija

Kufikia saa tano asubuhi, benchi la kahawa la kijiji cha Rudewa lilikuwa limekwisha kumhukumu ndama mara mbili. Alikuwa jike, mwekundu, hereni ya njano sikioni, kafungwa kwenye nguzo karibu na birika la Yusrah muuza kahawa. Juzi mwalimu Winnie wa darasa la awali aliwaambia watoto kila mmoja ampe rafiki yake kitu anachokipenda, siyo alichokichoka. Wengi walitoa penseli na ubuyu. Leo alfajiri Kija, binti wa miaka sita wa mfugaji Maduhu, alimswaga ndama hadi kwa Optatus mkulima, akamkabidhi binti wa Optatus, anayekaa naye dawati moja, kisha wakaenda shule wakiimba. Optatus, ambaye wiki iliyopita mahindi yake yaliliwa na ng'ombe wasiojulikana wa nani, alimleta ndama kijiweni asije akaitwa mwizi. Sasa Maduhu alikuwa njiani. Winnie, aliyeitwa kutoka darasani, alisimama pembeni akiyarudia kimoyomoyo maneno yake ya juzi, moja moja, akitafuta lililokosewa.

Hansadi, mzee aliyepewa jina hilo la kumbukumbu za Bunge kwa kukumbuka kila kilichowahi kusemwa pale, alikuwa na yake.

— Hii ni fidia. Maduhu anakiri kwa mkono wa mtoto. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hawakusema kuhusu fidia, Optatus alimkata.

— Walisema kwa jumla.

Mzee Injini, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliona mtego mtupu.

— Hiyo hereni ina mtambo. Ndama akilala kwako usiku mmoja, satelaiti inaandika shamba lako kuwa malisho.

Optatus alisogea hatua mbili kutoka kwa ndama. Hakuna aliyecheka.

— Shikamoo mzee, Winnie alimwambia Hansadi. Ni mimi niliyewaambia watoe.

— Marahaba. Ulisema ng'ombe?

— Nilisema kitu unachokipenda.

— Kwa mtoto wa mfugaji, mwalimu, hapo ulimtaja ng'ombe kwa jina.

Maduhu alitokea na fimbo yake, peke yake. Aliwaamkia wazee, akamlegezea ndama kamba iliyombana shingoni. Winnie alianza kumwombea Kija asipigwe. Maduhu akasema hajamgusa. Optatus akaharakisha kueleza kwamba hakuomba kitu, ndama arudi kwao yaishe. Hansadi akaunga mkono: mali kwa mwenyewe, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Benchi zima likaitikia kwa vichwa.

Maduhu alifungua kamba, akaishika, lakini hakuondoka.

— Huyu alipozaliwa nilimwambia Kija, huyu ni wako. Hakuna aliyenilazimisha. Leo nikimrudisha zizini, mtoto akaniuliza ndama alikuwa wa nani, nimjibu nini?

Alimtazama mwalimu, kisha Optatus, kisha wazee. Mzee Injini alinyoosha kikombe chake. Yusrah akainamisha birika, likatoa masimbi matupu ya kahawa. Winnie aliisubiri methali ya Hansadi. Hansadi akachungulia kikombe chake.

Upande wa pili wa barabara kengele ikagongwa, na watoto wa awali wakaanza kutoka, Kija akiwa miongoni mwao.