Oydin na Mikate ya Posa

Wasikilizaji wapendwa, maneno yalianzia kwenye tanuri la mikate la mtaani kwetu. Mama mmoja alisema milango ya treni mpya za chini ya ardhi inahisi mkono, haihisi kitambaa. Uvumi tu. Lakini ulinikaa moyoni, kila nikiutoa unarudi. Siku treni zile zilipozinduliwa, kwa tarumbeta na ngoma, nikamwuliza kijana mmoja mwenye sare. Akacheka.

"Mama, umezoea mkokoteni wa punda wewe. Hii mashine ina akili kukushinda."

Mimi niliishia shule ya msingi, nikaenda zangu.

Leo tunamkumbuka Oydin. Oydin, mkamwana wa Mama Hosiyat, jirani yangu. Amekufa akiwa na miaka ishirini na miwili. Amekufa kwa sababu hakuachia mkate.

Alizaliwa bondeni, kwenye mashamba ya pamba. Baba yake, Mzee Turdali, ameniambia hivi: "Akiwa mdogo alidondosha mkate mferejini. Akajitosa na nguo zake, akautoa, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, kama tunavyouheshimu mkate. Nikawaita majirani waje wamwone. Nilimsifu, dada yangu. Nilimsifu mno."

Alipoolewa hapa jijini hakuijua treni. Ngazi ya umeme alishuka amefumba macho, amemng'ang'ania mumewe, Ulmas. Wasichana wa mtaa wakamtania: "Bibi harusi, fumbua macho! Au umeolewa na ngazi?" Naye anacheka, kiganja mdomoni.

Treni za zamani alizizoea. Zilipiga kelele kama masufuria, lakini dereva alitoa kichwa dirishani akachungulia. Mzee akichelewa, mtu alizuia mlango. Dereva akatutukana, akafungua tena. Ndivyo tulivyozoea sote. Oydin naye alizoea hivyo.

Siku ile walikuwa wanakwenda kumposea shemeji yake. Mikate ya posa, ile inayovunjwa na wazee wa pande mbili, aliibeba Oydin, imefungwa kwenye kitambaa, ameshika ncha kwa mikono miwili. Ikaja treni mpya, inang'aa. Kwa adabu akawapisha wakubwa. Wakaingia wajomba, wakaingia mashangazi. Yeye akabaki wa mwisho. Mlango ukalia. Akatanguliza mikate. Mlango ukafunga.

Mikate ndani. Oydin nje. Kitambaa katikati.

Mama Hosiyat alikuwa ndani. Haya ni maneno yake: "Nilipiga kelele, shika, mikate isianguke! Nilidhani watafungua. Si huwa wanafungua? Alinitazama kupitia kioo cha mlango. Hakuwa na hofu yule mtoto. Alikuwa na aibu. Treni ikaondoka."

Treni iliondoka, wasikilizaji wangu. Oydin hakuachia. Iliondoka naye mpaka jukwaa likaisha.

Sasa watu wa treni wanasema mashine ilikuwa nzima, abiria hakufuata maelekezo. Maelekezo yapi? Sisi tuliletewa tarumbeta. Tulionyeshwa viti laini na taa. Nani alituambia kwamba mlango huu ukishafunga umefunga?

Mzee Turdali, pole sana baba. Ulmas, pole mwanangu. Mama Hosiyat, wewe sijui nikupe pole ya namna gani. Pokea hii niliyo nayo. Mungu amrehemu Oydin.

Mimi nina binti. Kesho asubuhi atapanda treni ileile kwenda chuoni, na mimi sitakula mpaka arudi. Tukae tujiulize tumewafundisha nini watoto hawa. Niliyomwambia yeye nawaambia na nyinyi:

Usikimbilie mlango unaolia.

Usiuzuie kwa mkono, wala mguu, wala mzigo.

Usisubiri wakubwa waishe ndipo uingie. Ingia nao.

Usiache mtandio au ncha ya nguo ining'inie.

Kitu kikinaswa, usikishike. Hata kama ni mkate.

Na wewe mama mkwe, usimpigie kelele mtoto wa watu kwamba ashike.